Lango la Giya Tatu

Ulimwona kijana wa muuza viatu. Usiseme hukumwona. Alisoma chuoni mpaka mwisho. Alivaa joho, akapigwa picha, akaenda kiwandani kuomba kazi ya uhandisi. Wakakitazama cheti chake, wakamwambia kozi yake haitambuliki. Leo yuko kwenye meza ya baba yake, anauza kandambili. Unapita pale kila siku. Unaomba upunguziwe bei, unaondoka. Hujawahi kumwuliza kilichompata, kwa sababu jibu lake lingekulazimu ufungue mdomo.

Chuo chenyewe unakijua. Kabla hakijawa chuo kilikuwa ghala la saruji. Kabla ya jina la sasa kilikuwa na jina jingine, na mmiliki ni yule yule. Kibao kilibadilishwa, mtaa ukanyamaza. Kuta zikapakwa rangi mpya, mtaa ukanyamaza. Kila mwaka watoto wengine waliingia, na watu wazima wakasema, "Hayo hayatuhusu."

Basi sikiliza habari ya Fundi Cheche, ambaye nusura amtie binti yake humo humo.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Katika chumba cha pili mkewe alishona sare za shule. Ukuta mmoja tu uliwatenganisha. Grenda ya kukatia vyuma ililia huku, cherehani ikalia kule, na wao wakazungumza kwa kupaza sauti. Walizoea hivyo hata umeme ukikatika. Majirani walijua mambo yao yote.

Binti yao mkubwa watu walimwita Kipimo. Tangu utoto hakuachana na futi ya baba yake. Alipima meza. Alipima mbuzi wa jirani. Siku moja alimpima bibi yake aliyekuwa amelala, na bibi akaamka akidhani anapimiwa sanda. Tangu hapo jina likamganda.

Sasa Kipimo alikuwa amefaulu vizuri, hasa hesabu na fizikia.

"Baba," alisema, "nataka kusomea uhandisi wa mitambo."

"Mitambo si ndiyo hii?" Cheche akamwonyesha grenda.

"Wewe unaitumia. Mimi nataka kujua kuibuni."

Cheche akacheka. "Haya, bibi mbunifu. Chuo kipo hapo hapo mtaani. Tena nimekitengeneza mimi."

Hakukitengeneza. Alitengeneza lango lake. Zamani mkuu wa chuo alimletea mchoro wa lango la mabawa mawili. Juu yake palichorwa giya tatu kubwa, yaani magurudumu matatu ya meno, kila moja limeumana na mawili yaliyobaki. Cheche alikata kila jino kwa mkono. Lango liliposimamishwa, wapita njia walisimama nalo. Tangu siku ile, akipata mgeni alimpitisha pale, hata kama walikuwa wanakwenda upande mwingine.

Kwa Cheche hapakuwa na swali. Watu walionunua chuma kizito namna ile kwa ajili ya lango, ndani watakuwa wameweka nini?

Lakini ada ya chuo kile ilikuwa kubwa. Na karani wa chuo alisema ilipwe upesi, nafasi zinakwisha, na pesa ikishalipwa hairudishwi. Cheche hakuwa na akiba ya kutosha. Alichokuwa nacho ni mashine yake kubwa ya kuchomelea, ile iliyowalisha wote. Akaamua kuiuza. Fundi mwenzake aitwaye Kobe alikubali kuja kuichukua Jumamosi.

"Na wewe utafanya kazi na nini?" mkewe aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Nitafanya kibarua kwa watu."

"Na mwaka wa pili wa masomo utauza nini? Mimi?"

"Wewe nani atakununua, na mdomo huo? Mungu atafungua njia."

"Alishaifungua. Alikupa mashine." Cherehani ikalia kidogo, ikanyamaza. "Baba Kipimo, wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wewe umeona mlango tu."

"Mlango nimeutengeneza mimi, mama Kipimo."

"Ndiyo maana huoni kitu kingine."

Cheche alichukua kitambaa na mafuta, akaanza kuifuta mashine ili mnunuzi aikute inang'aa. Aliifuta taratibu. Aliujua kila mkwaruzo. Kipimo alisimama mlangoni akimtazama. Alitaka kusoma. Hakutaka kusoma kwa namna ile.

Siku iliyofuata alikuja jirani yao, mhandisi wa idara ya maji. Mtaani walimwita Mama Bomba, na mwenyewe aliitika. Alifuata kinara cha tangi, kile cha chuma cha kuwekea tangi la maji, alichoagiza.

"Shikamoo, mama," Kipimo alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa matokeo." Akaigeukia mashine. "Fundi, mbona hii imepakwa mafuta kama bwana harusi?"

"Inaondoka, dada. Ndiyo ada ya huyu." Cheche akamweleza yote, lango na giya zake zikiwemo.

Mama Bomba alivuta kigoda akaketi. Hakuwa tena na haraka ya kinara.

"Umeshaingia ndani ya chuo hicho?"

"Nimeingia, nilipokwenda kupima lango."

"Ndani zaidi ya hapo? Darasani? Kwenye karakana?"

Cheche akakuna kichwa. Upande wa pili wa ukuta, cherehani ilinyamaza kabisa.

"Fundi," Mama Bomba alisema, "chuo cha uhandisi hakichaguliwi kwa uso wake. Jambo la kwanza, kuna bodi inayosajili wahandisi. Iulize kama inaitambua kozi anayotaka binti yako. Usiulize chuo tu, uliza na kozi. Chuo kinaweza kutambuliwa kwa uhasibu, lakini uhandisi wake haujawahi kukaguliwa. Kama kozi haimo, usiendelee. Kulipa ada pale ni kupamba kaburi."

"Na kama imo?"

"Hapo sasa unapima mengine. Gharama yote, si ada peke yake. Wanafunzi wanajifunzia wapi kwa mikono, na wakimaliza wanaajiriwa wapi. Na mahali kilipo: ni mbali kiasi gani na nyumbani, ni karibu kiasi gani na viwanda. Usishike moja ukaacha mengine."

"Mama Bomba," sauti ya mama Kipimo ilipenya ukutani, "na yule kijana wa muuza viatu?"

Mama Bomba aliinamisha uso. "Alipokataliwa kiwandani, alikuja ofisini kwetu kuomba kazi. Mimi nami nikamwambia cheti chake hakifai. Alinishukuru. Hebu fikiri, alinishukuru."

Cheche aliitazama mikono yake. Meza ile ya viatu aliichomelea yeye mguu ulipovunjika. Kijana aliishikilia mpaka kazi ikaisha, na yeye hakumwuliza hata neno moja.

"Baba," Kipimo alisema polepole, "lile lango lako."

"Lina nini?"

"Giya zake haziwezi kuzunguka."

Cheche akainua kichwa. Kipimo alichukua vizibo vitatu vya chupa, akavipanga juu ya meza ya chuma, vikigusana vyote.

"Tuseme hivi vina meno. Hiki kikizunguka kulia, jirani yake anakwenda kushoto. Hiki cha tatu kinaguswa na vyote viwili. Mmoja anakivuta huku, mwingine kule. Kwa hiyo hakiendi popote. Na hao wengine nao wanakwama."

Cheche alijaribu kwa vidole vyake. Akajaribu tena kuanzia kizibo kingine. Vilikwama.

"Mchoro ulikuwa wao," alisema.

"Ni pambo," Mama Bomba alisema. "Pambo si ushahidi, tusiwaonee. Lakini pale wanapita walimu wa mitambo kila asubuhi. Ningependa kujua kama kuna hata mmoja aliyewahi kucheka."

Cheche alimgeukia bintiye. "Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu nilipoanza fizikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unawaonyesha wageni, baba."

Hapo Cheche alivua kofia yake, akaivaa tena, akasema, "Kesho tunaingia ndani."

Wakaingia. Karani alikuwa na ofisi yenye zulia na feni. Aliwakaribisha vizuri, akatanguliza namba ya benki.

"Kwanza tungependa kuiona karakana," Cheche alisema.

"Iko kwenye ukarabati, mzee."

"Itafunguliwa lini?"

"Mkishalipa, mtapangiwa siku ya kuiona."

"Na kozi ya mitambo inatambuliwa na bodi ya wahandisi?" Kipimo aliuliza.

"Tumeshaomba. Majibu yako njiani."

"Tangu lini?"

Karani alinyoosha tai yake. "Tangu chuo kilipoanza."

"Basi yanakuja kwa miguu," Cheche alisema.

Walipotoka, walimkuta mlinzi wa lango. Alimfahamu Cheche siku nyingi, nao wakamweleza jibu la karani. "Karakana gani inakarabatiwa?" alisema. "Haijafungwa hata kwa kufuli. Nendeni mkaone."

Palikuwa na ukumbi mrefu. Viti vya plastiki vilipangwa kufika darini. Pembeni ilisimama mashine ya kuchomelea, mpya, bado imo ndani ya nailoni iliyotoka nayo kiwandani. Nailoni ilikuwa imejaa vumbi. Cheche aliinama, akapitisha kidole sakafuni, akakitazama. Hapakuwa na unga wa chuma. Akaitazama meza ya kazi. Haikuwa na alama hata moja ya kuungua.

"Hapa hapajawahi kuruka cheche," alisema.

Mwanafunzi mmoja alipita mlangoni. Kipimo akamsimamisha. "Samahani, kaka. Mazoezi ya mikono mnafanyia wapi?"

"Tunaonyeshwa video."

"Na kiwandani mnapelekwa wapi?"

"Kila mtu anajitafutia." Kijana akashusha sauti. "Umeshalipa?"

"Bado."

"Una bahati," akasema, akaondoka upesi.

Wakiwa nje, Kipimo alipiga simu ofisi ya bodi, kwa namba waliyopewa na Mama Bomba. Aliyepokea alimwuliza jina la chuo na jina la kozi, akamwambia asubiri. Kisha akamjibu waziwazi: kozi hiyo haimo.

Cheche aliketi kwenye ukingo wa barabara. Juu yake giya tatu zilikuwa zimeng'ang'aniana, hazitoki, haziendi. Akakumbuka mashine iliyopakwa mafuta. Akamkumbuka kijana wa viatu akishikilia meza.

"Baba, unaumwa?"

"Sijambo," alisema. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa. "Sijambo kabisa. Maji yakimwagika hayazoleki, na yetu bado yamo mtungini. Twende nyumbani."

Kilichobaki kilikuwa kuchagua. Kipimo alikuwa ameomba na kupata nafasi katika vyuo vingine viwili, ambavyo Cheche hakutaka kuvisikia kwa sababu ya lango lake; kozi zote mbili zilitambuliwa. Moja ni chuo kikuu cha mji mkuu, chenye jina kubwa na ada ndogo. Nyingine ni chuo cha ufundi katika mji wa viwanda, ambako shangazi yake aliishi. Ada yake ilikuwa ya kati.

"Basi ni mji mkuu," Cheche alisema. "Jina kubwa, bei ndogo. Tunatafuta nini tena?"

Mkewe alikuwa ameacha cherehani, amekuja kuketi nao pamoja na Mama Bomba. "Bei ya kitambaa si bei ya nguo," alisema. "Kuna uzi. Kuna vifungo. Kuna zipu, na mshonaji naye anakula. Mteja akiniletea kitambaa cha bei poa, anadhani nguo imekwisha. Ada ndiyo kitambaa. Mtoto atalala wapi? Atakula nini? Akitaka kurudi nyumbani, nauli je?"

Mama Bomba akampigia makofi. "Mimi nimesomea haya, na sijawahi kuyasema vizuri hivyo."

Wakauliza. Kipimo alizungumza kwa simu na wanafunzi wa mji mkuu. Mabweni hayakutosha, wengi walipanga vyumba mtaani, na kodi ya chumba ilizidi ada yenyewe. Ufadhili ulikuwepo, lakini muda wa kuuomba ulikuwa umepita. Uzi na vifungo vikashinda kitambaa.

"Chuo hicho ni kizuri," Mama Bomba alisema, "msikitukane. Angekuwa na shangazi kule, au angeomba ufadhili mapema, huenda tungesema aende. Familia nyingine ikipima, itapata jibu jingine. Muhimu ni kupima. Sasa nendeni mkauone mji wa viwanda kwa macho yenu."

Walipanda basi asubuhi. Kabla hawajafika kwenye chuo cha ufundi walikisikia. Vyuma viligongwa, mashine zilinguruma, harufu ya chuma kilichoungua ilitanda njiani. Cheche aliivuta kama mtu aliyepita karibu na jiko la mama yake. Lango lenyewe lilikuwa bati lililopinda.

"Bawaba hii imechoka," alinong'ona.

"Baba, tumekuja kuangalia chuo."

Ndani, hakuna aliyewazuia. Wanafunzi wa kike na wa kiume walikuwa wameinamia mashine, mikono imejaa grisi. Cheche akanyoosha mkono kwenye kipande cha chuma kilicholala mezani.

"Mzee, hicho cha moto," mkuu wa karakana alimkemea kwa mbali. "Unataka kutuachia vidole?"

Cheche aliurudisha mkono, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu watoke kwa karani. Alifurahi kukemewa. Mahali ambapo vyuma ni vya moto, kazi inafanyika.

Kipimo aliuliza maswali yake bila haya, kwa maana kuuliza si ujinga. Mkuu wa karakana alimjibu yote. Kila muhula wanafunzi walipelekwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma kilichopakana na chuo. Jina la chuo halikujulikana sana nje, na vitabu havikutosha. Hilo nalo alilisema bila kuficha. "Ukitaka kujua waliomaliza wako wapi," aliongeza, "usiniulize mimi. Nenda kasimame mlangoni mwa kiwanda wakitoka kula."

Wakasimama. Walizungumza na mwanamke mmoja kijana aliyevaa kofia ngumu. Alisoma pale. Alianza kiwandani kama mwanafunzi wa mazoezi, na hakuondoka tena.

Jioni, shangazi alisema, "Chumba kipo. Ila kuosha vyombo ni zamu, mhandisi au si mhandisi."

Ikawa hivyo.

Jumamosi Kobe alifika na mkokoteni wa kubebea mashine.

"Haiuzwi," Cheche alisema.

"Tulikubaliana, bwana."

"Tulikubaliana kabla sijaingia ndani."

"Ndani wapi? Na mkokoteni nimeukodi."

"Karibu chai. Mkokoteni utabeba kinara cha tangi cha Mama Bomba, atakulipa."

Kobe alinung'unika, lakini chai alikunywa. Kisha Cheche alifuta mafuta kwenye mashine, akachomeka waya, akavuta kinyago cha kuzuia mwanga usoni. Cheche za kwanza ziliporuka, mkewe alipiga kelele kutoka upande wa pili: "Sasa nyumba imerudi." Naye akakanyaga cherehani yake.

Ada ya chuo cha ufundi waliilipa kwa awamu, kwa kazi ya mashine ile ile.

Likizo ya kwanza Kipimo alirudi na alama ndogo ya kuungua juu ya kifundo cha mkono. Aliionyesha kama bangili. Ndani ya mfuko wake, amezifunga kwa kitambaa, zilikuwamo giya mbili. Alizichonga mwenyewe kwa mashine. Cheche alizipapasa jino kwa jino, akitafuta kosa. Hakulipata, ingawa alilitafuta kwa moyo wote. Akazifunga nje ya mlango wa karakana, kwenye ekseli mbili, yaani vyuma vya kuzungukia, zikiwa zimeumana. Watoto wakipita huzungusha moja, na nyingine hugeuka.

Siku ile ile Cheche alikwenda kwenye meza ya viatu. Aliketi. "Kijana wangu," alisema, "hebu niambie ilikuwaje." Kijana aliweka chini kandambili alizokuwa akipanga. Kisha alieleza, na hakumaliza upesi. Sasa mzazi akionekana amesimama mbele ya lango la giya tatu, ameduwaa kama alivyoduwaa Cheche, mtu humshika mkono akampeleka kwenye meza ile. Kijana humweleza. Wengi hurudi nyumbani na pesa zao mfukoni, wakipumua.

Lakini si wote. Lango lile bado liko wazi. Karani bado anatanguliza namba ya benki. Na wewe bado unapita pale na mfuko wako wa kandambili.

Hukutaka kujua. Sasa umejua. Kuna mtoto nyumbani kwako, au kwa jirani yako, anayetaka kusoma. Piga simu bodi uulize kozi yake. Ingia karakana upitishe kidole sakafuni. Hesabu kitambaa, na uzi, na vifungo. Simama mlangoni mwa kiwanda uwaulize wanaotoka. Kisha mfuate mzazi mwenzako umwambie, hata kama hajakuuliza, hata akikuita mmbea. Ofisi bado hazijafungwa leo. Inuka uende.